Kompyuta nzito: itengenezwe au ununue nyingine?

Mtu akiniambia "kompyuta yangu imezeeka", bado hajaniambia kitu. Nimeshika laptopi za miaka 12 zinazoandika barua na kufungua tovuti bila kigugumizi, na nimeshika za miaka mitatu zisizofaa hata kutolewa vipuri. Ninachotaka kujua ni mambo mawili: sehemu gani inakuweka ukisubiri, na je, sehemu hiyo inatoka? Ikitoka, mashine ina nafasi ya kuokolewa. Ikiwa imechomelewa kwenye madabodi, ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote, au kama tatizo ni madabodi yenyewe, hesabu inabadilika.

Kwa hiyo pima kwanza. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Nenda kwenye sehemu yenye grafu, iache wazi, kisha fanya kazi zako kama kawaida mpaka mashine ianze kukukera. Hapo tazama mistari mitatu: prosesa (CPU, inayofanya hesabu), RAM (Memory, kumbukumbu ya muda ya kazi ulizofungua) na diski (inayohifadhi faili). Uliogota karibu na asilimia 100 ndio mshukiwa wa kwanza. Wa Mac watumie Activity Monitor. Dakika kumi za kutazama zitakuepusha na kununua kipuri kisichohusika, kosa ambalo nimelifanya mwenyewe na nitalieleza mbele.

Inachukua dakika tano kuwaka, na taa ya diski haipumziki

Unaiwasha, unaenda kuoga, unarudi bado kiduara kinazunguka. Hatimaye skrini inatulia, lakini ukibofya folda hakuna kinachotokea. Task Manager inasema diski iko asilimia 100, na ukiangalia kasi yenyewe unakuta megabaiti moja au mbili kwa sekunde.

Namba hizo mbili hazipingani. Diski ya kuzunguka ina sahani, na mkono unaotembea juu yake kutafuta data. Katika laptopi nyingi za zamani sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kila safari ya mkono hula milisekunde kumi au zaidi. Ikisoma faili moja kubwa iliyopangika, diski hiyo hufikisha megabaiti 100 kwa sekunde bila taabu. Lakini mfumo unapowaka husoma maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika, na mkono hushinda njiani. Diski inahangaika muda wote na haileti karibu chochote.

SSD, diski inayohifadhi data kwenye chipu, haina kitu kinachotembea. Hupata data ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, popote ilipo. Ndiyo maana msimamo wangu hapa ni mkali kidogo: kama mashine bado ina diski ya kuzunguka na prosesa yake si ya kusikitisha, usianze hata mjadala wa kununua nyingine kabla hujabadilisha diski hiyo. Sijaona kipuri kingine kinachobadilisha mashine kiasi hicho kwa kazi ya nusu saa na bisibisi moja.

Wengine hukwama wakichagua kati ya aina mbili, SATA na NVMe, yaani njia ya zamani na mpya ya diski kuongea na kompyuta. SSD ya SATA hufika kama megabaiti 550 kwa sekunde, na ya NVMe ya wastani hupita 3,000. Kwa anayehama kutoka diski ya kuzunguka, hatua ya kwanza ndiyo atakayoihisi. Ya pili ataihitajia saa ya kupimia, isipokuwa kama anahariri video. La muhimu zaidi ni tundu lililopo. Laptopi nyingi za zamani hupokea diski ya inchi 2.5. Zilizofuata zina tundu la M.2, linalopokea SSD ya umbo la kijibao chembamba, na hapo pana mtego: vijibao viwili vinavyofanana kwa umbo, kimoja SATA na kingine NVMe, na tundu linalokubali kimoja linaweza kukikataa kingine. Soma mwongozo wa modeli yako kabla ya kulipa.

Kuna hali mbili zinazofanana na hii lakini si hii. Ya kwanza ni RAM kuisha na mfumo kuanza kutumia diski kama RAM, nitaifikia. Ya pili ni diski inayokufa. Dalili zake ni mlio wa tik-tik, faili zinazokataa kunakiliwa, na kuganda kwa sekunde kadhaa halafu kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Diski hiyo inajaribu kusoma eneo lilelile bovu tena na tena. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake. Ikigeuka njano, tazama mistari ya 05 na C5, yaani maeneo yaliyohamishwa na yale yanayosubiri kuhamishwa. Namba ya C5 ikiwa inapanda, acha kila kitu unachofanya na unakili faili zako kwanza. Usiendeshe zana ya kurekebisha diski kabla ya hapo. Unaisukuma ifanye kazi nzito kuliko zote katika siku zake za mwisho.

Inawaka vizuri, ila nikifungua tabo nyingi inaganda

Hii ni RAM, na uthibitisho ni rahisi. Mstari wa RAM unapanda mpaka asilimia 90 na ushei, kisha diski nayo inaanza kupanda. Mfumo umekosa nafasi, unahamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha kila unapobadilisha dirisha. Funga kivinjari: ikiwa mashine inapumua ndani ya sekunde chache, umeshapata jibu.

Gigabaiti 4 leo ni dhiki. 8 zinatosha kwa maandishi, tovuti na mikutano ya video. 16 ni raha, na zaidi ya hapo unapaswa kuwa na sababu unayoweza kuitaja.

Sasa kosa langu. Niliwahi kuongeza RAM kutoka 4 hadi 8 kwenye mashine ya ndugu yangu, nikaiwasha kwa mbwembwe, na hakuna kilichobadilika. Windows iliyokuwemo ilikuwa ya biti 32, ambayo kwa matoleo ya nyumbani haivuki gigabaiti 4 hata ukiijazia. Ilibidi kuweka mfumo upya wa biti 64, jioni nzima ikaenda. Angalia hilo kwanza kwenye taarifa za mfumo.

Mambo mengine ya kuangalia ni aina na idadi ya matundu. DDR3, DDR4 na DDR5, yaani vizazi vya RAM, haziingiliani. Hata pengo lililokatwa kwenye kijibao limewekwa mahali tofauti ili usiweze kulazimisha. RAM ya laptopi ni fupi, ya mezani ni ndefu. Kwenye laptopi nyembamba RAM mara nyingi imechomelewa moja kwa moja: Mac zenye chipu za Apple, kuanzia M1 ya 2020, haziongezwi RAM kabisa, kiasi ulichonunua nacho ndicho utakachozikwa nacho. Laptopi yenye RAM iliyochomelewa ikiwa na gigabaiti 4, sioni njia ya kuiokoa kwa Windows.

Na kama una matundu mawili, vipande viwili vya 4 kwa kawaida hukimbia kuliko kimoja cha 8, kwa sababu prosesa husoma vyote kwa pamoja. Wanaotegemea grafiki iliyo ndani ya prosesa ndio huona tofauti zaidi.

Feni inalia kama mashine ya kusaga, kisha kila kitu kinapungua kasi

Mara nyingi hapa huhitaji kununua chochote ila dawa ya joto. Prosesa ikikaribia kiwango chake cha juu, ambacho kwa nyingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi ili isiungue. Ikishindwa hata hivyo, mashine hujizima ghafla. Chanzo ni vumbi lililoziba mapezi ya kupooza, au ile dawa kati ya prosesa na chuma iliyokauka ikawa kama chaki.

Fungua, safisha kwa brashi na hewa ya kupuliza, ukiishikilia feni isizunguke kwa nguvu ya hewa. Futa dawa ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kama hujawahi kufungua laptopi, mpe fundi. Skrubu zake hazilingani urefu, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kutoboa kitu.

Ila kuna kesi moja inayowachanganya hata mafundi. Mashine ni baridi, feni kimya, RAM ipo, SSD ipo, na bado inatambaa. Tazama kasi ya prosesa kwenye Task Manager unapoipa kazi nzito. Ikiwa imekwama karibu na GHz 0.8 na haipandi, chomoa chaja utumie betri, au jaribu chaja nyingine sahihi. Baadhi ya laptopi zikishindwa kuitambua chaja, kwa sababu si yake au waya wake mwembamba wa utambulisho umekatika ndani, hujishusha kasi kimyakimya. Kuna watu wamenunua kompyuta mpya kwa sababu ya waya.

Video zinakatakata hata mtandao ukiwa mzuri

Tazama prosesa video ikicheza. Ikigonga asilimia 100, tatizo ni namna video ilivyofungwa. YouTube hutuma video nyingi katika mifumo ya kubana video ya VP9 na AV1, na prosesa za zamani hazina sehemu maalumu ya kuifungua, hivyo hulazimika kuikokotoa kwa jasho. Kwa prosesa za Intel, VP9 ilipata sehemu kamili kuanzia kizazi cha 7, na AV1 kuanzia cha 11.

Dawa ya bure ni kiongezi cha kivinjari kiitwacho h264ify, kinachoiomba YouTube itume H.264, mfumo wa zamani zaidi, ambao karibu kila mashine ya miaka kumi na tano iliyopita huimeza. Ubora hautavuka 1080p, jambo ambalo skrini ya zamani haitaligundua.

Usikimbilie kubadilisha prosesa. Laptopi nyingi za baada ya 2014 prosesa imechomelewa. Kwenye kompyuta ya mezani inawezekana, na wakati mwingine ni ya kufurahisha: madabodi nyingi za AMD zenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4, zilizotoka enzi za Ryzen za familia ya 1000, zikaja kukubali hadi za 5000 baada ya kusasisha BIOS, programu ndogo ya madabodi inayoiwasha mashine. Lakini kama soketi yako ilishafungwa zamani, prosesa bora inayoingia humo nayo ni mzee mwenzake.

Haiwaki, au inawaka giza

Feni inazunguka, skrini giza: chomoa umeme na betri, toa RAM, isugue miguu yake ya dhahabu kwa kifutio laini cha penseli, irudishe mpaka ibane. Kama kuna vipande viwili jaribu kimoja kimoja. Ajabu ni mara ngapi hadithi huishia hapo. Kama skrini ya nje inaonyesha picha, mashine ni nzima na kilichokufa ni skrini au kebo yake.

Kompyuta ya mezani inayojiwasha upya kila ukianza mchezo au kazi nzito, shuku pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kabla ya madabodi. Na ukifungua ukakuta vile vipipa vidogo vya kapasita vimevimba vichwani, hiyo ni madabodi ya kuagana nayo.

Saa inayorudi nyuma kila ukichomoa umeme ni betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye madabodi. Hiyo si sababu ya kununua kompyuta, ingawa saa isiyo sahihi hufanya tovuti zikatae kufunguka na mtu akadhani mashine imeharibika.

Betri haikai

Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakupa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, badilisha. Ni kipuri cha kawaida. Lakini padi ya kipanya ikianza kuinuka au kifuniko cha chini kikitokeza tumbo, betri imevimba. Zima, usiichaji tena, usiitoboe, ipeleke kwa anayejua kuitoa.

Kila kitu kinafanya kazi, ila Windows imekataa kusasishwa

Tatizo hili si la kasi hata kidogo, na ndilo linalosukuma watu wengi kununua. Windows 10 ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, lakini huo ni muda wa kujipanga tu.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya kutunza funguo za usalama), Secure Boot (ulinzi wa hatua ya kuwasha mashine), RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya gigabaiti 64, na prosesa iliyo kwenye orodha yao: kwa Intel kimsingi kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka 2017, na kwa AMD kuanzia sehemu ya Ryzen za familia ya 2000. Hapa tofautisha aina mbili za "hapana".

"Hapana" ya kwanza ni ya mipangilio. Prosesa iko kwenye orodha lakini ukaguzi unasema hakuna TPM. Ingia BIOS: kwenye Intel inaweza kuitwa PTT, kwenye AMD fTPM, na mara nyingi imezimwa tu. Secure Boot nayo ikigoma, huenda diski ilipangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR. Windows ina zana ya mbr2gpt inayobadilisha bila kufuta faili, ingawa mimi huwa naweka nakala kwanza hata zana ikiapa.

"Hapana" ya pili ni ya prosesa yenyewe. Zipo mbinu za kuipita, ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo la Windows 11 la 24H2 lilizikataa kabisa prosesa za zamani sana zisizo na amri ya POPCNT. Kwa mashine ya kazi za watu na pesa zao, siipendekezi njia hiyo. Kama kazi zako ziko ndani ya kivinjari, weka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Toleo lake la Linux Mint linapendekeza RAM ya gigabaiti 4 na linaweza kujaribiwa kutoka flashi bila kugusa diski, hivyo utajua siku hiyohiyo kama Wi-Fi, sauti na printa yako vinakubali. Kama unategemea programu ya Windows isiyo na mbadala, basi sababu ya kununua unayo, na ni sababu halali.

Ninapokoma kutengeneza

Madabodi ya laptopi iliyokufa. Kioevu kilichoingia na kuanza kula shaba. Bawaba iliyong'oka pamoja na plastiki ya mwili, kwa sababu ukigundisha leo itang'oka tena ikivuta kebo ya skrini. Skrini iliyovunjika kwenye mashine ambayo tayari inahitaji diski na betri. Skrini, diski na betri, kila kimoja peke yake unaweza kukivumilia. Vyote kwa pamoja, simshauri mtu.

Kwa yaliyobaki, andika gharama ya vipuri vyote unavyohitaji, pamoja na fundi, kwenye mstari mmoja. Usiilinganishe na bei ya kompyuta mpya ya dukani, maana ukifanya hivyo matengenezo yatashinda siku zote. Ilinganishe na bei ya mashine iliyotumika lakini nzuri, yenye prosesa inayokubalika na Windows 11, SSD na RAM ya 8. Ikivuka nusu ya hapo, mimi huacha. Nusu hiyo ni kipimo changu tu. Anayeipenda kibodi yake ana haki ya kuzidisha.

Pia tenganisha vipuri vinavyohama na visivyohama. SSD ya SATA utaitoa siku mashine itakapokufa uiweke kwenye nyingine, au kwenye kasha la USB. RAM ya DDR3 haina pa kwenda. Pesa hiyo inazikwa pamoja na mashine. Kwa hiyo nikiwa na wasiwasi na maisha ya laptopi, hununua SSD bila kusita na RAM kwa kusita, tena iliyotumika.

Ukiamua kununua, uliza kwanza kama RAM na diski vinatoka. Kama haviongezeki, nunua sasa kiasi utakachohitaji baadaye. Na ile diski ya zamani usiifute siku unayohamisha faili. Iweke kwenye droo mwezi mmoja hivi, kwa sababu kuna folda umeisahau, na utaikumbuka wiki ya tatu.